Sauti za Breki na Maana Yake

Kila asubuhi motokaa nyingi hushuka kutoka Uthiru na Kangemi kwa barabara ya Waiyaki, zikapita Westlands na kuingia katikati ya mji wa Nairobi. Zifikapo karibu na raundabauti za Uhuru Highway haziendi mbio tena, bali husogea polepole na kusimama mara kwa mara. Hapo ndipo dereva husikia breki zikilia, ingawa huko nyuma hakusikia neno. Sababu yake ni nyepesi: gari liendapo kasi, upepo, injini na matairi hufunika sauti ndogo.

Yafaa kwanza kujua jinsi breki ifanyavyo kazi. Dereva akanyagapo, mafuta ya breki husukuma pistoni, nayo pistoni hubana pedi mbili juu ya diski izungukayo pamoja na gurudumu. Magari mengine yana dramu katika magurudumu ya nyuma, na ndani yake viatu vya breki hutanuka vikaisugua dramu. Msuguano huo ndio usimamishao gari, na msuguano huweza kutoa sauti. Si kila sauti ni ya hatari, wala si kila sauti ni ya kupuuzwa.

Kwanza, gari lililolala nje usiku wa mvua huweza kukwaruza asubuhi. Hiyo ni kutu nyembamba juu ya diski, nayo huondoka baada ya kukanyaga breki mara chache. Hali kadhalika, gari lenye gea za kujiendesha huweza kuguna dereva aachiapo breki kidogo kidogo katika msongamano. Kwa kawaida huo si ugonjwa.

Pili, mlio mwembamba kama filimbi. Pedi nyingi zimewekewa kibati kidogo cha chuma ambacho huigusa diski pedi inapokaribia kwisha. Kibati hicho ni mjumbe. Ajaye kuonya asifukuzwe. Pedi iliyobaki na unene wa milimita 3 au chini yake yapasa kubadilishwa.

Tatu, ngurumo ya chuma kusaga chuma. Maana yake pedi imekwisha kabisa, na sasa bamba lake laila diski. Gari la namna hiyo huchelewa kusimama, nalo lisiendeshwe mpaka litengenezwe. Lakini ikiwa mkwaruzo umeanza ghafula baada ya kupita njia ya changarawe, wala breki haijakanyagwa, huenda ni kijiwe kilichonaswa kati ya diski na bati la kuzuia vumbi. Fundi atazame ndipo akate shauri.

Nne, kishindo kimoja breki inapokanyagwa. Huenda pedi au boliti zimelegea. Kishindo hiki kisingoje kesho.

Tano, sauti inayorudi kwa kila mzunguko wa gurudumu, na huku kikanyagio chatetemeka. Yamkini diski haiko sawa au dramu imepoteza uduara wake.

Kabla ya kwenda kwa fundi, dereva aende polepole mahali tambarare pasipo watu, vioo vikiwa wazi, asikilize: Je, sauti hutoka mbele au nyuma? Hulia breki ikikanyagwa, au hata ikiachwa? Huja breki zikiwa baridi au moto? Majibu hayo humwokoa fundi na kubahatisha, na mwenye gari na gharama za bure.

Pedi zibadilishwe kwa magurudumu yote mawili ya ekseli moja, gari lisije likavuta upande. Mtu asipake mafuta juu ya uso wa pedi ili kunyamazisha mlio, kwa maana breki yenye mafuta haishiki. Wala vumbi la breki lisipulizwe, kwani lina madhara kwa mapafu. Pedi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto.

Mwenye kudharau mlio wa Westlands afikiri juu ya siku atakayoteremka kwenda Mai Mahiu. Mteremko ule mrefu huzitia breki joto jingi, na hata gari zima yapasa lishuke kwa gea ndogo. Breki mbovu huko haina nafasi ya pili, wala abiria hawana. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.