Simu Isiyokosa pa Kwenda

Paukwa! Pakawa!

Zamani, wajukuu zangu, ukipiga simu ulimwambia opereta unamtaka nani, naye akakuunganisha. Huko Kansas City, Marekani, alikuwapo mzika maiti aitwaye Almon Strowger. Inasimuliwa kwamba alimshuku opereta: wafiwa wakimtafuta yeye, wanaunganishwa kwa mshindani wake! Akabuni mtambo wa kuunganisha simu bila opereta, na mwaka 1891 akapewa hataza.

Mtambo wa simu wa leo nao hauna ndugu wala rafiki. Lakini pia haujiongezi: hufuata amri moja moja, toka juu hadi chini. Tuseme kuna ofisi ya kahawa yenye matawi mawili. Mbale, chini ya Mlima Elgon, hununua kwa wakulima. Jinja, Nile inapotoka Ziwa Victoria, huuza. Fundi ataziongozaje simu zinazoingia?

Kwanza, mtambo hutazama namba iliyopigwa. Simu za mezani za Jinja huanza na 043, za Mbale 045. Hapo ni rahisi.

Pili, hutazama kalenda, kisha saa. Tarehe 9 Oktoba ni Siku ya Uhuru wa Uganda, kwa hiyo amri ya sikukuu hukaa juu ya amri ya saa za kazi. Ikikaa chini, simu italia kwenye ofisi tupu. Na saa zenyewe zina mtego. Sisi tunafungua saa mbili asubuhi, tunafunga saa kumi na moja jioni. Fundi asiye makini ataandika 02:00 hadi 11:00. Mtambo utatii: utafungua ofisi saa nane usiku na kuifunga saa tano asubuhi, wateja wakiwa ndiyo kwanza wanapiga! Sahihi ni 08:00 hadi 17:00.

Tatu, simu ilie wapi, kwa muda gani? Ilie kwa karani sekunde 20. Asipopokea, zilie simu zote za tawi. Zikikosa mtu, iende tawi la pili. Hapa napo angalieni: Jinja ikiitupa Mbale, na Mbale ikairudisha Jinja, mkulima atasikiliza mlio mpaka achoke. Baada ya tawi la pili, apewe nafasi ya kuacha ujumbe.

Haya, chukueni karatasi. Choreni njia zote kwa mishale: mchana, usiku, sikukuu. Kila mshale uishie kwa mtu au kwenye ujumbe. Ukiona unaozunguka, ufuteni kabla mtambo haujautii.