Mashine ya Bitcoin mbele ya mita ya LUKU

Mkazi wa Mbagala au Tegeta aliye kwenye tarifa ya kawaida akinunua umeme wa shilingi 10,000, LUKU inamletea uniti 28 na pointi kidogo. Bei ya msingi ni shilingi 292 kwa uniti. Weka VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA na 1 ya EWURA, unafika shilingi 356, na hapo kodi ya jengo bado haijakatwa. Ukitaka kununua mashine ya kuchimba Bitcoin uifunge nyumbani, ishike hiyo 356 kabla hujatazama picha wala bei ya mashine yoyote. Wauzaji huanza na kasi. Mimi naanza na mita, kwa sababu kasi unainunua mara moja, umeme unaununua kila siku.

Kazi yenyewe ni kubahatisha. Mashine zote duniani zinajaribu namba kwa kasi ya ajabu mpaka mojawapo ipate inayokubalika, ifunge bloku ya miamala na kuchukua zawadi. Bloku moja hufungwa kila baada ya dakika 10 hivi, na tangu Aprili 2024 zawadi yake ni Bitcoin 3.125, chini kutoka 6.25. Kwa siku zinatoka kama Bitcoin 450 kwa dunia nzima, basi. Mashine zikiongezeka, sarafu haziongezeki. Kila baada ya bloku 2,016, yaani kama wiki mbili, mtandao unapima upya ugumu wa kazi, na wachimbaji wakiwa wameongezeka fungu la kila mmoja linapungua.

Kasi hupimwa kwa terahashi: majaribio trilioni moja kwa sekunde. Mwaka 2025 mtandao mzima ulifikia terahashi bilioni moja. Tuchukue kiwango hicho, Bitcoin moja kwa dola 100,000 na dola kwa shilingi 2,500. Bei zikipanda au zikishuka, badilisha namba. Njia ya kupiga hesabu ni ileile.

Antminer S9 ya kampuni ya Bitmain ilitoka 2016, na ndiyo mtu huuziwa akiambiwa ni ya bei poa. Ina terahashi 13.5 na inakula wati 1,320 hivi. Kwa siku inakuletea kama shilingi 1,500, na umeme wake ni zaidi ya 11,000. Ukipewa bure, bado ni ghali. S19 Pro ya 2020 ina terahashi 110 kwa wati 3,250: inaingiza kama 12,400, inakula umeme wa karibu 27,800. S21 imeboreshwa sana, terahashi 200 kwa wati 3,500, lakini nayo inaleta 22,500 huku mita ikidai 29,900. Hata S21 XP, terahashi 270 kwa wati 3,645, inaingiza kama 30,400 dhidi ya umeme wa 31,100. Hiyo inakaribia kujilipia, ila hapo hatujagusa bei ya kununulia mashine, usafirishaji, wala makato ya kundi la wachimbaji unaojiunga nao ili mgawane zawadi.

Kwa hiyo ukilinganisha mashine, usishangae ukubwa wa kasi. Gawanya wati kwa terahashi. S9 inatoka karibu 98, S19 Pro karibu 30, S21 17.5, S21 XP 13.5. Namba ndogo ndiyo bora. Kwa makisio yetu, S21 ingeanza kurudisha gharama ya umeme kama uniti ingeshuka chini ya shilingi 268.

Mtu atasema: nasubiri bei ya Bitcoin ipande. Sawa, lakini aliyeamini hivyo ana njia fupi zaidi. Shilingi 29,900 anazotia kwenye LUKU kila siku zingemnunulia Bitcoin nyingi kuliko zinazotoka kwenye S21, bila mashine na bila kelele. Simshauri anunue; Benki Kuu ilishatangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini, na Sheria ya Fedha ya 2024 imeweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali. Nasema tu kwamba kuchimba kwa hasara ni kununua kwa bei ya juu.

Halafu kuna nyumba yenyewe. Soketi zetu za pini tatu ni za ampea 13, yaani wati 2,990 kwa volti 230. S21 inavuta ampea 15 mchana na usiku, bila kupumzika. Ukiichomeka kwenye ekstensheni ya kawaida, plastiki italainika kabla hujaona senti. Inahitaji laini yake kutoka kwenye breka, ifungwe na fundi anayejua anachofanya. Wati zote hizo zinageuka joto, kama pasi tatu na nusu zilizowashwa chumbani Februari, mwezi ambao Dar haihitaji msaada wa kuchemka. Feni zake zinapiga kelele ya desibeli 75. Kigamboni na Kunduchi ongeza chumvi ya baharini, ambayo feni zitaisukumia kwenye saketi saa 24.

Nyumba ya kupanga yenye mita moja hata sitaki kuifikiria. Pale mwenye friji tayari ananung'unikiwa wakati wa kuchangia LUKU.

Ukanda wetu una wanaochimba kwa mahesabu yanayolipa, ila hawanunui umeme wa rejareja. Hifadhi ya Virunga, mashariki mwa Kongo, ilianza kuchimba mwaka 2020 kwa umeme wa maji wa Luviro uliokuwa hauna mnunuzi, wakati watalii wamekatika. Kampuni ya Gridless ya Kenya inaweka mashine karibu na mitambo midogo ya maji vijijini, ambako usiku watu wamelala na umeme unabaki. Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115, lakini mwenye nyumba Chamazi anapokea umeme huo kwa bei ya LUKU.

Wapo wanaotegemea kundi la D1, wenye matumizi madogo wanaolipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya tozo. Nafuu hiyo ni ya uniti 75 kwa mwezi. S21 inazimaliza kabla saa 22 hazijatimia.

Anayetaka tu kujifunza atazame Bitaxe, kidude cha mezani chenye terahashi 1.2 kinachokula wati kama 17. Kipato chake ndani ya kundi la wachimbaji ni kama shilingi 135 kwa siku, kwa hiyo wengi wanakiacha kichimbe peke yake kama bahati nasibu: nafasi ya kushika bloku nzima ndani ya mwaka ni kama moja kati ya 16,000. Kwa mwezi kinatumia uniti 12 na kitu, na kama mita yako iko D1 na umebakiza nafasi chini ya zile 75, hakitakuhamisha tarifa.