Wakili Huyu Anamtumikia Nani? Mwongozo kwa Mfanyabiashara Anayetafuta Ushauri wa Kisheria Mkoani

Kwa miaka mingi, mfanyabiashara wa Mwanza, Mbeya au Arusha aliyetaka kusajili kampuni au kuandikiwa mkataba mkubwa alilazimika kusafiri hadi Dar es Salaam, au kumtuma mtu. Hali hiyo imebadilika. Tangu mwaka 2018 Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) hupokea maombi ya usajili kwa njia ya mtandao, na Mahakama Kuu Divisheni ya Biashara, iliyoanzishwa mwaka 1999, ina masjala ndogo Arusha na Mwanza. Ofisi za mawakili zilizoko mikoani nazo zimepanua kazi zao. Pamoja na mashauri ya ardhi, mirathi na jinai, leo huandaa katiba za kampuni, mikataba ya ugavi na upangaji, nyaraka za mikopo na mauziano ya hisa.

Ukaribu huu una faida kubwa. Wakili wa mkoani anaijua biashara ya eneo lake, anafikika kwa urahisi, na mara nyingi gharama zake humudika. Lakini ukaribu huo una jambo lake la kuangaliwa. Katika mji wenye ofisi chache za mawakili, ofisi ileile inaweza kuwa inaihudumia benki unayokopa, mwenye jengo unalopanga, na mfanyabiashara unayemuuzia mazao. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuuliza bei wala siku ya kukamilika kwa kazi, tunamshauri kila mfanyabiashara aulize swali moja: wakili huyu anamtumikia nani?

Anayelipa si lazima awe mteja

Wananchi wengi huamini kwamba wakili waliyemlipa ni wakili wao. Katika mikopo ya benki imani hii huwagharimu. Benki huteua wakili wa kuandaa hati ya rehani na mikataba ya dhamana, kisha gharama zake hutozwa mkopaji. Mkopaji hufika katika ofisi ya wakili huyo, hupokewa vizuri, huonyeshwa mahali pa kutia saini, na huondoka akiwa na hakika kwamba maslahi yake yamelindwa. Sivyo. Mteja wa wakili huyo ni benki, na wajibu wake ni kuhakikisha kwamba benki italipwa. Hafanyi kosa lolote kwa kuitumikia benki. Anayekosea ni mkopaji anayedhani kwamba ukimya wa wakili ni ushauri.

Ndivyo ilivyo pia kwa mkataba wa upangaji ulioandaliwa na wakili wa mwenye jengo, au mkataba wa ugavi ulioandaliwa na wakili wa mnunuzi. Ukiletewa mkataba wa namna hiyo, omba nakala na muda wa kuisoma, kisha ipeleke kwa wakili wako mwenyewe. Gharama ya kusomewa mkataba kabla ya kuusaini ni ndogo sana ikilinganishwa na gharama ya kuupinga mahakamani.

Kampuni ni mtu, na wewe ni mtu mwingine

Kwa mujibu wa sheria, kampuni iliyosajiliwa ina nafsi yake. Inamiliki mali, inadai na kudaiwa kwa jina lake yenyewe. Wakili aliyeajiriwa na kampuni ni wakili wa kampuni. Si wakili wa mkurugenzi wala wa mwanahisa mmojammoja. Tofauti hii huonekana ndogo siku za furaha, na huwa kubwa siku za matatizo.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Ndugu wawili wa Kahama wanaamua kuunganisha nguvu katika biashara ya kununua na kukoboa mpunga. Kaka ana kiwanja na fedha. Mdogo ndiye anayeijua mashine, wakulima na wanunuzi. Wanakwenda kwa wakili mmoja, ambaye kaka anafahamiana naye, naye anawaandalia katiba ya kampuni kwa kufuata kielelezo cha kawaida. Kaka anaandikishwa hisa 90 na mdogo hisa 10. Mdogo hahoji, kwa kuwa anayeshika kalamu mwenzake ni kaka yake wa tumbo moja. Mashine inafungwa juu ya kiwanja ambacho hati yake inaendelea kuwa na jina la kaka.

Miaka michache baadaye kaka anafariki dunia. Hisa zake 90 na kiwanja vinaingia katika mirathi. Warithi wana haki zao, na wanaamua kuuza. Mdogo, aliyetumia nguvu zake zote katika kinu hicho, anarudi kwa wakili yuleyule kuomba msaada. Wakili anamweleza kwamba yeye ni wakili wa kampuni, na kwamba hawezi kusimama upande wa mwanahisa mmoja dhidi ya warithi wa mwingine. Jibu hilo ni sahihi kisheria. Ila lilipaswa kutolewa siku ya kwanza.

Siku hiyo ya kwanza, wakili makini angewauliza ndugu hao maswali yafuatayo na kuandika majibu yao katika makubaliano ya wanahisa. Mmoja akifariki au akitaka kujitoa, nani ana haki ya kwanza ya kununua hisa zake? Bei itakadiriwa vipi, na na nani? Anayechangia kazi badala ya fedha anahesabiwaje? Kiwanja ni cha kampuni, au kampuni imepangishwa, na kwa muda gani? Pale ambapo maslahi ya wawili hayalingani, angemshauri mdogo atafute wakili wake mwenyewe. Kuuliza maswali haya si kukosa imani na ndugu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mara nyingi kinachopotea pamoja na mali ni undugu wenyewe.

Saini inayoondoa kinga

Watu husajili kampuni yenye ukomo wa dhima ili biashara ikianguka, nyumba na mali zao binafsi zisiguswe. Kinga hiyo ni ya kweli, lakini inaweza kuondolewa na mwenye nayo kwa saini yake. Benki na wauzaji wakubwa huwataka wakurugenzi watie saini dhamana binafsi. Ukisaini dhamana hiyo, deni la kampuni limekuwa pia deni lako. Muulize wakili wako kama dhamana ina kikomo cha fedha, inakoma lini, na kama itaendelea kukufunga hata baada ya kuuza hisa zako.

Nyumba ya familia inapowekwa rehani, ridhaa ya mwenzi inahitajika. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inailinda nyumba ya ndoa, na ridhaa ya kughushi huzaa mashauri yasiyokwisha. Vilevile, kampuni huanza kuwepo siku inaposajiliwa. Anayetia saini mkataba kwa jina la kampuni kabla ya siku hiyo anaweza kujikuta anawajibika yeye binafsi.

Mhakiki kabla ya kumwamini

Si kila mwenye ofisi iliyo jirani na mahakama ni wakili. Vishoka wapo, na wengine huvaa suti nzuri kuliko mawakili. Wakili halali ameandikishwa katika orodha ya mawakili na huhuisha leseni yake kila mwaka. Taarifa zake zinaweza kuhakikiwa katika mfumo wa Mahakama wa e-Wakili, au kwa kuuliza Chama cha Mawakili Tanganyika, kilichoanzishwa mwaka 1954. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inamtaka anayeandaa nyaraka za kisheria aandike jina na anwani yake katika nyaraka hizo. Ukiona mtu anakuandalia mkataba lakini hataki jina lake lionekane, ondoka.

Maelezo haya yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za makampuni na mawakili, pamoja na wakala wake wa usajili.

Makubaliano ya kazi na malipo

Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015 imeweka viwango vya kuongoza malipo ya mawakili. Pamoja na hayo, migogoro mingi kati ya wakili na mteja hutokana na makubaliano ya mdomo. Omba barua inayoeleza mteja ni nani, kazi ni ipi, itakamilika lini, ada ya wakili ni kiasi gani, na ada za Serikali ni kiasi gani. Ada za Serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo. Omba uione namba hiyo, na ikiwezekana lipa mwenyewe. Dai risiti kwa kila malipo.

Katika usajili wa kampuni, hakikisha kwamba barua pepe na namba ya simu zinazowekwa katika mfumo ni za kampuni au za mkurugenzi, wala si za wakili au karani wake. Kampuni hubaki na wajibu baada ya kusajiliwa: kuwasilisha taarifa za mwaka, kutoa taarifa za wamiliki manufaa, na kutangaza mabadiliko ya wakurugenzi. Asiyeweza kuufikia mfumo hawezi kutimiza wajibu huo kwa wakati, na faini humwangukia yeye.

Uliza pia kuhusu ushuru wa stempu. Hati iliyopaswa kulipiwa ushuru huo na haikulipiwa inaweza kukataliwa mahakamani kama ushahidi, hata kama kila kilichoandikwa ndani yake ni kweli.

Lugha unayoielewa

Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Hata hivyo, mikataba mingi ya biashara bado huandikwa kwa Kiingereza. Una haki ya kumtaka wakili wako akueleze kila kifungu kwa Kiswahili, na kuomba tafsiri kwa maandishi pale jambo linapokuwa zito. Mkataba uliousaini bila kuuelewa kwa kawaida hukufunga sawasawa na ule uliouelewa. Wakili anayekasirishwa na maswali yako hajafaa kwa kazi yako.

Mambo yakiharibika

Mgogoro ukitokea na upande wa pili, angalieni kwanza mkataba unasema nini. Mikataba mingi huelekeza kwanza mazungumzo, kisha usuluhishi chini ya Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020. Mgogoro ukiwa kati yako na wakili wako, mwandikie kwanza kudai maelezo na nyaraka zako. Asipojibu, malalamiko kuhusu mwenendo wa wakili hupelekwa kwenye Kamati ya Mawakili, yenye mamlaka ya kumwonya, kumsimamisha au kuagiza jina lake liondolewe katika orodha ya mawakili. Hapo ndipo barua ya makubaliano na risiti ulizotunza zitakapokusemea.

Tunarudia kwa msisitizo: mtembelee wakili kabla ya kusaini, siyo baada ya kupokea wito wa mahakama. Na unapoketi mbele yake, kabla hujafungua bahasha ya nyaraka zako, muulize kwa heshima, “Wakili, katika jambo hili, mteja wako ni nani?” Jibu likiwa ni wewe, au ni kampuni yako, omba liandikwe. Likiwa ni mtu mwingine, mshukuru kwa ukweli wake, funga bahasha yako, na utafute mwingine.