Gari la Umeme Likikwama: Je, Kadi ya Uokoaji Ina Faida?

Gari la petroli likiishiwa mafuta kati ya Emali na Sultan Hamud, dereva hahitaji kadi ya chama chochote. Mwendesha bodaboda atamkimbiza kituoni na jerikeni, na baada ya muda si mrefu safari itaendelea. Likizima kwa sababu nyingine, hatakosa fundi wa jua kali, wala hatakosa mwenye pikapu na kamba. Hivyo ndivyo tulivyookoana barabarani miaka yote, na ndiyo maana wengi wetu hatuoni haja ya kulipia msaada kabla hatujakwama.

Gari la umeme limevuruga utaratibu huo. Umeme haubebwi kwa jerikeni. Kamba ya pikapu inaweza kuunguza mota. Na fundi aliyezeeka akifungua injini za Toyota huenda asijue aguse wapi na wapi asithubutu kugusa. Kwa hiyo mwenye Nissan Leaf iliyotoka Japani kupitia bandari ya Mombasa ana haki ya kuuliza: je, ada ya kila mwaka ya huduma ya uokoaji ni fedha iliyotumika vizuri?

Habari njema itangulie. ADAC, klabu ya madereva ya Ujerumani yenye wanachama zaidi ya milioni 20, huhesabu kila mwaka magari yanayookolewa na mafundi wake. Katika takwimu za mwaka 2024, kati ya magari yenye umri wa miaka 2 hadi 4, ya umeme yalikwama mara 4.2 kwa kila magari 1,000, na ya mafuta mara 10.4. Gari la umeme halina mkanda wa injini wa kukatika, halina plagi za kuchafuka, wala halina pampu ya petroli. Kisichokuwepo hakiharibiki.

Linapokwama, mara nyingi mkosaji ni kifaa kidogo kuliko tunavyodhani. Karibu nusu ya visa hivyo vya ADAC vilitokana na betri ya volti 12, ile ile iliyomo katika gari lolote la kawaida. Betri kubwa huendesha magurudumu, lakini ndogo ndiyo inayoamsha kompyuta za gari na kufunga swichi inayoiunganisha betri kubwa na mota. Ikifa, gari lenye chaji ya asilimia 90 haliendi popote. Lakini hustuliwa kwa nyaya kama betri ya gari lingine, na mpya haikosekani katika maduka ya vipuri. Anayeibadilisha kabla haijachoka, au anayebeba kifaa kidogo cha kustulia, amejiokoa mwenyewe.

Tairi nazo zina habari yake. Leaf haina tairi ya akiba. Kiwandani hupewa pampu ndogo na dawa ya kuziba tundu. Dawa hiyo ina tarehe ya mwisho, na gari likifika kwetu na miaka yake sita au saba, tarehe hiyo inafaa kukaguliwa. Tena dawa huziba tundu la msumari tu. Ubavu wa tairi ukichanika, haisaidii kitu.

Kuhusu kuishiwa chaji, jambo linaloogopwa kuliko yote, AA, chama cha madereva cha Uingereza, inasema kwamba mwaka 2015 lilikuwa karibu asilimia 8 ya miito yake ya magari ya umeme. Kufikia 2023 lilikuwa limeshuka hadi karibu asilimia 2. Betri zimekua na vituo vya kuchajia vimeongezeka.

Lakini takwimu za Ulaya zina mipaka yake hapa kwetu. Magari mengi ya umeme tunayonunua si mapya. Leaf ya kwanza ilikuwa na betri ya kilowati-saa 24, sawa na uniti 24 za tokeni za umeme, na betri hiyo haina mfumo wa kupozwa kwa maji, hivyo joto na umri huipunguza. Barabara zetu nazo hupanda. Kulipandisha gari la tani moja na nusu, pamoja na watu na mizigo, kutoka pwani hadi mwinuko wa Nairobi wa takriban mita 1,700 hudai karibu uniti 8 kwa ajili ya mlima peke yake, kabla hujahesabu kilomita moja ya umbali. Hiyo ni theluthi ya betri ile ikiwa bado mpya. Zaidi ya hayo, Leaf hizi hutumia plagi ya CHAdeMO kwa chaji ya haraka, ilhali vituo vingi vipya duniani vinajengwa kwa plagi ya CCS. Unaweza kufika kituoni ukiwa na asilimia 5 na ukakuta waya usiolingana na gari lako.

Hapo ndipo msaada uliopangwa mapema unapokuwa na thamani, na thamani yake kubwa ni lori. Katika Leaf, mota imeungana na magurudumu ya mbele moja kwa moja, bila klachi. Ukilivuta kwa kamba, magurudumu huizungusha mota, nayo huzalisha umeme usio na mahali salama pa kwenda. Ni lazima magurudumu ya mbele yainuliwe, au, bora zaidi, gari zima libebwe juu ya lori. Anayekuja na kamba peke yake hajaja kukuokoa.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, soma kwanza ulichokwisha kulipia. Bima kamili nyingi huwa na kipengele cha gharama za kuvuta gari, chenye kikomo cha fedha. Gari jipya kutoka kwa muuzaji rasmi huenda likawa na huduma ya uokoaji ndani ya dhamana. Gari la mtumba kwa kawaida huja bila ulinzi huo.

Kisha muulize mwenye huduma, iwe AA Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1919, au kampuni yoyote changa, maswali manne, na majibu yake uyapate kwa maandishi. Je, mnaleta lori la kubeba gari zima? Je, kuishiwa chaji mnakuhesabu kuwa kukwama, au mnakuita uzembe wa dereva? Mtalifikisha gari umbali gani, na ni hadi kituo chenye plagi yangu au hadi karakana iliyo jirani tu? Na anayekuja amefunzwa umeme wa volti mia kadhaa, anajua kwamba nyaya za rangi ya chungwa haziguswi ovyo?

Msimamo wangu ni huu. Anayeishi Kasarani na kufanya kazi Upper Hill, anayechaji nyumbani usiku, mwenye bima yenye kipengele cha kuvutwa, hana haja ya kadi. Betri mpya ya volti 12, pampu ya upepo na namba ya mwenye lori vinamtosha. Lakini anayekwenda Nakuru, Voi au Mombasa na familia yake ndani ya gari lenye betri iliyochoka, anunue, ilimradi majibu ya maswali manne yamemridhisha. Aulize bei ya kukodi lori mara moja kutoka Voi hadi Nairobi, zaidi ya kilomita 300, kisha ailinganishe na ada ya mwaka. Hesabu hiyo itamwamulia.

Nao wanaouza huduma hizi wana wajibu. Serikali inahimiza watu wahamie magari ya umeme, na tangu 2023 kuna bei maalumu ya umeme wa kuyachaji. Uokoaji usibaki nyuma. Kampuni inayopokea ada ya mwenye gari la umeme ilhali haina lori linalofaa wala fundi aliyefunzwa inauza ahadi ambayo haiwezi kuitimiza, na mteja ana kila sababu ya kubaki na fedha zake mpaka lori na fundi vipatikane.