Je, Wajua? Baiskeli ya Watu Wawili Isiyo na Breki

Ukimtajia mtu wa mtaa wa Tassia, Nairobi, baiskeli, atakayoiona akilini ni ile nzito ya muuza maji, imefungwa mitungi huku na huku, ikijipenyeza kati ya matatu kuelekea barabara ya Outer Ring. Ipo ndugu yake ambayo hapa kwetu haifahamiki sana. Ina viti viwili na jozi mbili za pedali, haina gia za kubadilisha wala breki hata moja. Hiyo ndiyo tandemu ya velodromu, yaani njia maalumu ya mbio za baiskeli. Anayeketi nyuma ni mwanariadha asiyeona au mwenye uoni hafifu. Wa mbele ni rubani wake.

Wengi hudhani wa nyuma anabebwa. Habebwi hata kidogo. Cheni ya upande wa kushoto huunganisha pedali za mbele na za nyuma, kwa hiyo miguu minne huzunguka kwa pamoja. Gurudumu la nyuma nalo limefungamana na cheni moja kwa moja: maadamu linazunguka, pedali hazipumziki. Wakitaka kupunguza mwendo, wote wawili huzikaza pedali kinyume.

Faida ya mashine hii iko hewani. Baiskeli ikishapita kilomita 50 kwa saa, sehemu kubwa ya nguvu za mwendeshaji huishia kuisukuma hewa. Kwenye tandemu wa nyuma amejikinga mgongoni mwa rubani, hivyo nguvu ni za watu wawili lakini upepo wanaoukata haufiki mara mbili. Gharama hulipwa mwanzoni, pale uzito wa watu wawili unapotakiwa kung'oka kutoka kusimama tuli.

Kwenye Michezo ya Olimpiki ya Walemavu ya Tokyo, iliyofanyika 2021, Mskoti Neil Fachie na rubani wake Matt Rotherham walimaliza kilomita moja kwa sekunde 58.038, rekodi ya dunia. Piga hesabu: ni wastani wa kilomita 62 kwa saa, na walianzia kwenye sifuri. Medali za dhahabu zilikuwa mbili, moja kwa kila mmoja, na ndivyo inavyostahili.

Kwa kasi hiyo, katika njia ya mita 250, nguvu inayowavuta nje ya kona huzidi uzito wao wenyewe. Ndiyo maana sakafu ya kona huinuliwa kwa nyuzi 42 hivi au zaidi, mwinuko mkali kuliko ngazi za kawaida za fleti zetu. Ukipanda pale polepole, tairi huteleza na unaanguka. Sasa mfikirie asiyeona. Kona haioni; huihisi kwenye fremu na kwenye mabega ya rubani, na lazima ainame naye papo hapo, kwani akisita baiskeli nzima huyumba. Imani ya namna hiyo hujengwa kwa mazoezi ya muda mrefu.

Walemavu wengine, kwa mfano waliokatwa mguu au mkono, hushindana kwa baiskeli za kawaida katika madaraja ya C1 hadi C5, na madaraja yakichanganywa muda hurekebishwa kulingana na ulemavu. Baiskeli za kuendeshwa kwa mikono na zile za magurudumu matatu hubaki kwenye mbio za barabarani.

Kenya haijakosa watu wa mchezo huu. Douglas Sidialo alipoteza macho yote mawili katika mlipuko wa ubalozi wa Marekani jijini Nairobi tarehe 7 Agosti 1998. Baadaye aliendesha tandemu kutoka Cairo hadi Cape Town. Aliyeweza kuvuka bara zima kwenye kiti cha nyuma angetoa nini kwenye kilomita moja ya velodromu?

Tulichokosa ni mahali. Kenya haina velodromu. Njia ya uwanja wa michezo wa Kasarani ni ya wakimbiaji, ni tambarare, na tandemu haiwezi kuzipinda kona zake kwa kasi ya mashindano. Kwa hiyo mwendeshaji asiyeona wa Nairobi hufanya mazoezi barabarani, kati ya malori na bodaboda, na rubani ambaye nusu ya akili yake iko kwenye mashimo. Velodromu si lazima iwe ya mbao chini ya paa. Zipo za saruji, za wazi, zenye mita 333 na kona zisizo kali sana, na kwa jiji letu ningeanzia hapo.