Je, Wajua? Siki na Sindano Moja

Wapo wasichana wa Meru na Embu wanaodhani saratani ya mlango wa kizazi ni ugonjwa wa kina mama waliokwisha kuzaa. Sivyo. Karibu visa vyote husababishwa na virusi vya HPV, ambavyo mtu huambukizwa kwa kujamiiana, mara nyingi angali kijana, kisha hukaa kimya miaka 10 au zaidi kabla ya saratani kujitokeza.

Kipimo cha saratani hii, kinachoogopwa, huchukua dakika chache. Muuguzi hupaka mlango wa kizazi siki nyepesi kwa pamba, husubiri dakika moja hivi, kisha hutazama: palipo na dosari hugeuka peupe. Hakatwi mtu. Wala doa hilo si lazima liwe saratani. Likitibiwa mapema, huishia hapo.

Ipo pia kinga: Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 dhidi ya HPV mwaka 2019. Thika, kwenye barabara iendayo Embu na Meru, ilikuwa mojawapo ya vituo vya utafiti wa KEN SHE, ulioonyesha kuwa dozi moja ya chanjo hiyo hukinga vyema. Chanjo hii haifungi kizazi.

Dada, ukitimiza miaka 25 nenda ukapimwe, hata kama ulichanjwa.