Karani na Mlinzi wa Kompyuta

Leo tutazungumza juu ya ugomvi. Si ugomvi wa shamba wala wa mpaka. Ni ugomvi wa ofisini, baina ya mtumishi anayetaka kufanya kazi yake na yule mlinzi wa kompyuta anayemzuia. Watu wengi humwita "mtu wa aiti". Katika ofisi za serikali za Tanzania kitengo chake huitwa TEHAMA, yaani Teknolojia ya Habari na Mawasiliano. Tafadhali, mwalimu, liandike neno hilo ubaoni, maana tutalihitaji mwishoni.

Wengi wenu mnaijua habari yenyewe. Wewe ni karani wa masijala, au tarishi, au mtunza ghala. Asubuhi unafika kazini, unataka kutoa barua moja kwenye printa. Printa ipo mezani, ina karatasi, ina wino, taa yake inawaka. Lakini haitoi kitu. Unauliza, unaambiwa, "Watu wa usalama wa kompyuta wameifunga." Kwa nini? Hakuna ajuaye. Mpaka lini? Hakuna ajuaye. Na nje, kwenye benchi, ameketi mzee mmoja aliyekuja kwa basi kutoka mbali. Anaingoja barua hiyo hiyo aipeleke benki kabla haijafungwa. Mzee yule hamwoni mlinzi wa kompyuta. Anakuona wewe, na wewe ndiye utakayelaumiwa.

Basi hasira zinakupanda, na mimi sisemi kwamba hasira hizo hazina sababu. Lakini kabla ya kwenda kugombana, yafaa tuijue printa ni kitu gani.

Mashine ya zamani ya kupigia taipu ilikuwa chuma na utepe wa wino. Ukiifunika kwa kifuniko chake, mambo yake yamekwisha. Printa ya leo sivyo ilivyo. Ndani yake mna kompyuta ndogo, nayo imeungwa na mtandao wa ofisi. Mtandao wa ofisi maana yake ni nyaya na mawimbi yanayounganisha kompyuta zote za mahali pale, ziweze kupelekeana habari. Fikiri nyumba yenye vyumba vingi, lakini ndani hakuna milango. Mwizi akipita dirisha la jiko, amekwisha kufika chumba cha kulala. Printa ndiyo dirisha la jiko. Watu huifunga komeo milango mikubwa, wakalisahau dirisha hilo.

Mashine ya fotokopi nayo ina siri yake. Mashine nyingi kubwa za siku hizi zina diski ndani, na diski hiyo huweza kutunza picha ya kila karatasi iliyopitishwa. Huko New York kulikuwa na shirika la bima ya afya, jina lake Affinity, lililokuwa limekodi mashine za fotokopi. Muda wa kukodi ulipokwisha, mashine zikarudishwa kwa wenyewe. Hakuna aliyekumbuka kufuta diski. Mwaka 2010 waandishi wa habari wa televisheni ya CBS walinunua mashine moja iliyokwisha kutumika, wakaifungua, wakakuta ndani habari za wagonjwa. Mwaka 2013 shirika lile lilikubali kuilipa serikali ya Marekani zaidi ya dola milioni 1.2, kwa kuwa siri za watu wapatao 344,000 huenda zilikuwa zimetoka nje kwa njia hiyo. Kwa hiyo mlinzi wa kompyuta akikuambia mashine mbovu isiuzwe wala isichukuliwe na fundi wa mtaani kabla yeye hajaiona, hapo ana haki kamili.

Sasa sikilizeni habari ya printa iliyogoma.

Benki Kuu ya Bangladesh ilikuwa na printa yake katika chumba chenye ulinzi, ghorofa ya 10. Kazi ya printa hiyo ilikuwa kuchapa usiku na mchana habari za fedha zinazotumwa na kupokewa. Ijumaa tarehe 5 Februari 2016 watumishi waliikuta haichapi. Wakaona ni ugonjwa wa kawaida wa printa, kama uonavyo wewe kwako. Siku nyingine pia ilikuwa imewahi kugoma, na Ijumaa kwao ni siku ya mapumziko. Nani angekimbia?

Kumbe wezi walikwisha kuingia katika kompyuta za benki, nao ndio walioizuia printa isichape, ili karatasi zisije zikawafichua. Usiku uliotangulia walikuwa wametuma maagizo 35 kwa Benki Kuu ya Marekani tawi la New York, ambako Bangladesh ilikuwa imeweka akiba yake. Walitaka dola karibu milioni 951. Na siku walizichagua kwa akili: Ijumaa na Jumamosi Bangladesh inapumzika, Jumamosi na Jumapili New York inapumzika, na Jumatatu tarehe 8 ilikuwa sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina huko Ufilipino, zilikopelekwa fedha. Maagizo mengi yalizuiliwa. Hata hivyo dola milioni 81 zilifika Ufilipino, na nyingine milioni 20 zikaenda Sri Lanka.

Ninyi mnaojifunza tahajia mtapenda kusikia habari ya zile milioni 20. Katika agizo lao wezi walitaka kuandika neno la Kiingereza foundation, wakakosea tahajia yake. Benki moja iliyopitishiwa fedha iliona kosa hilo, ikauliza, na fedha zikarudi. Kosa la tahajia tu!

Waliingiaje? Wapelelezi wa Marekani walieleza baadaye kwamba wezi waliwapelekea watumishi wa benki barua pepe, wakijifanya watu wanaotafuta kazi. Tena mwaka huo wa 2016 mpelelezi wa polisi wa Bangladesh aliwaambia waandishi wa habari kwamba vifaa vilivyounganisha kompyuta za benki vilikuwa vya mtumba, vya dola 10 kila kimoja. Benki ya taifa zima! Mlinzi wa kompyuta anapokataa kifaa cha bei rahisi ulichokipata sokoni, pengine anaikumbuka habari hii. Lakini kama hakukusimulia, wewe utajuaje? Utaona ni kiburi tu.

Flashi nayo ni hivyo hivyo. Flashi ni kile kijiti kidogo cha kubebea habari kutoka kompyuta moja mpaka nyingine. Katika ofisi nyingi imekatazwa, na watu wananung'unika sana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walifanya jaribio, wakalitangaza mwaka 2016. Walizitupa flashi 297 katika viwanja vya chuo, kama kwamba zimeanguka. Karibu nusu ya flashi hizo, asilimia 45, ziliokotwa zikachomekwa katika kompyuta, na mafaili yake yakafunguliwa. Hawa ni watu wa chuo kikuu, si watu wasiojua kusoma. Wengine walisema walitaka kumjua mwenye flashi wamrudishie. Walikuwa na nia njema, na kama mle ndani mngalikuwa na kirusi, kingaliingia pamoja na nia hiyo njema. Kirusi cha kompyuta ni programu mbaya, iliyotungwa na mtu ili iharibu au iibe.

Pengine mpaka hapa utasema, "Bwana huyu wa redio amekuja kuwatetea watu wa aiti." La. Sasa nageukia upande wao.

Liko jambo moja ambalo walinzi wa kompyuta waliwatesa nalo wafanyakazi kwa miaka mingi, na halikuwa na faida waliyoidhani. Nalo ni kubadili nenosiri kila baada ya siku 90. Nenosiri ni neno la siri unalolitumia kuingia katika kompyuta yako. Wengine huliita nywila. Mwaka 2003 mtumishi wa taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, Bill Burr, aliandika mwongozo wa maneno ya siri. Ukashauri yawe na mchanganyiko wa herufi kubwa, tarakimu na alama, tena yabadilishwe mara kwa mara. Mwongozo ukaenea duniani. Watu wakafanya nini? Waliokuwa na Mwembe1 wakaandika Mwembe2, kisha Mwembe3. Wengine wakaliandika kwenye karatasi, wakaibandika chini ya kibodi. Mwizi angetaka nini zaidi? Mwaka 2017 taasisi ile ile ikatoa mwongozo mpya, ikasema watu wasilazimishwe kubadili nenosiri kwa sababu ya kupita siku tu, bali libadilishwe pakiwa na dalili kwamba limejulikana na mtu mwingine. Mzee Burr mwenyewe, akiwa amekwisha kustaafu, aliliambia gazeti la Wall Street Journal mwaka huo kwamba anajuta kwa mengi aliyoyaandika. Lakini ziko ofisi ambazo hata leo zinaendelea na desturi ya mwaka 2003.

Wataalamu wawili wa London, Anne Adams na Angela Sasse, walikuwa wamekwisha kulieleza jambo hili mwaka 1999. Waliwauliza wafanyakazi kwa nini hawashiki kanuni za maneno ya siri. Walikuta kwamba wafanyakazi si wakaidi. Kanuni zenyewe hazikulingana na kazi yao, na walinzi hawakuwa na desturi ya kuzungumza nao. Mlinzi alimwona mfanyakazi kuwa adui, akamficha habari. Mfanyakazi naye, kwa kuwa hakujua hatari iko wapi, akabuni njia zake. Jina la makala yao linasema wazi kwamba watumiaji si adui.

Kwa maoni yangu hapo ndipo penye ubaya wenyewe. Mlinzi anayefunga mashine bila kueleza huleta hatari aliyoajiriwa kuizuia. Turudi kwa mzee wetu pale kwenye benchi. Karani mwenye huruma atafanya nini? Ataipiga picha barua kwa simu yake, aitume kwa WhatsApp kwenye duka la fotokopi la jirani, ichapwe kule. Mzee ataondoka akishukuru. Lakini jina la mzee, namba ya akaunti yake na kiasi cha fedha zake vimebaki katika simu mbili, na katika kompyuta ya duka ambayo kila mpita njia huchomeka flashi yake. Siku fedha za mzee zikipotea, huruma ile haitamsaidia. Wala haitakusaidia wewe, maana sheria sasa zipo: Kenya ilitunga sheria ya kulinda data mwaka 2019, na Tanzania ikatunga yake ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2022.

Basi karani afanye nini? Aandike. Kelele za ukumbini mlinzi wa kompyuta huzisahau akifika mlangoni, lakini karatasi yenye tarehe haisahauliki upesi. Barua yenyewe iwe fupi. Tazameni mfano huu:

"Kwa Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA. Printa ya chumba cha masijala imefungwa tangu Jumatatu saa 3 asubuhi. Kazi iliyokwama ni barua za wastaafu, zipatazo 20 kwa siku, na wenyewe huzingoja hapa hapa. Naomba kujua mambo mawili: printa itafunguliwa lini, na mpaka wakati huo barua hizi nizitoe kwenye mashine ipi. Nakala nimempa mkuu wangu wa kazi. Karani wa Masijala."

Isomeni tena polepole. Hakuna tusi, wala hakuna neno "daima mnatuzuia". Mwandishi hakuuliza tu kwa nini printa imefungwa, kwa maana pengine sababu ni ya siri kwa siku chache, kama wezi wanatafutwa. Ameuliza mashine ya kutumia sasa. Swali hilo mlinzi hawezi kulijibu kwa kunyamaza, kwani akinyamaza, wastaafu 20 wa leo na 20 wa kesho wamekuwa mzigo wake yeye, na mkuu wa kazi anayo nakala. Tena ametaja idadi. Mlinzi wa kompyuta aketiye ghorofa nyingine huona orodha ya mashine tu, hawaoni watu walio kwenye benchi. Kumwonyesha watu hao ni kazi yako, maana wewe ndiwe uliye karibu nao.

Andika tarehe juu ya barua, weka nakala katika faili. Siku 2 zikipita bila jibu, andika barua ya pili ukitaja tarehe ya ile ya kwanza, na hii ipitishe kwa mkuu wako. Na ukiona printa imegoma bila mtu yeyote kukuambia kwamba imefungwa, usiizime na kuiwasha mara tatu ukaondoka. Toa habari siku hiyo hiyo, hata kama ni Ijumaa jioni.

Sasa fungueni madaftari yenu. Kila mmoja achague mashine moja ya mahali pake pa kazi iliyowahi kufungwa au kukatazwa, aandike barua ya sentensi 5 kama ile tuliyoisoma. Wasio na kazi ya ofisi waandike kwa niaba ya yule mzee. Mwalimu atazisahihisha kabla ya somo la Alhamisi.